Frigo imejaa barafu lakini haitoi baridi: tufanye nini?



Katika depo nyingi za koperative, frigo moja njo inabeba kazi ya watu wengi: sambaza, maziwa, chupa za chanjo ya kuku. Ikikosa baridi, hasara haiko ya mtu mmoja. Ulizo linalorudi mara nyingi ni hili: moteri inalia, barafu iko mingi, lakini samaki inalegea. Namna gani barafu iwe mingi na baridi ikose?

Barafu ile haiko baridi ya ziada. Ni maji ya hewa. Kila mara tunafungua mlango, hewa yenye unyevu inaingia, inagusa ukuta wa baridi na inaganda. Ikizidi, inakuwa kama blanketi: baridi inabaki nyuma yake, haifikie bidhaa. Moteri inatumika bila kupumzika, inakula kura, na mwisho inachoka.

Tuangalie mambo haya moja kwa moja, tukianza na yale yasiyolipisha kitu:

1. Mpira wa mlango. Weka karatasi katikati ya mlango na frigo, funga, halafu vuta. Karatasi ikitoka bila nguvu, hewa inapita pale. Safisha mpira kwa maji ya moto kidogo na sabuni. Kama umepasuka, ubadilishwe.

2. Desturi zetu. Chakula cha moto, samaki inayotiririka maji, ndoo ya maziwa bila kifuniko: vyote vinaleta unyevu. Mlango ufunguliwe mara chache, na si kwa mazungumzo.

3. Namba ya baridi. Kuiweka juu kabisa siku zote kunazidisha barafu.

4. Nyuma ya frigo. Vumbi kwenye mabomba inazuia joto kutoka. Frigo ikae mbali na ukuta, karibu sentimita 10, na mbali na jua.

Barafu ikifika nusu sentimita, tuitoshe. Chomoa prizi. Bidhaa ziende katika glasiere pamoja na chupa za maji yaliyoganda. Acha mlango wazi, weka ndani beseni ya maji ya moto, ngoja. Usitumie kisu wala bisibisi hata kidogo! Bomba ya gazi iko karibu sana, na ikitoboka matengenezo yake ni bei kali. Kisha pangusa, kausha, washa, na ngoja frigo ipate baridi kamili mbele ya kurudisha bidhaa.

Frigo zenye feni ndani zinajitosha barafu zenyewe. Kwa hizo, barafu inajificha nyuma ya ukuta wa ndani na hatuioni. Izimishe saa 24, mlango wazi. Ikiwashwa na ikafanya kazi vizuri siku chache, halafu ikarudia ugonjwa ule ule, basi mfumo wake wa kuyeyusha barafu umeharibika: kinachopasha moto, saa yake, au kipima joto chake. Hiyo ni kazi ya fundi. Lakini kama barafu inakaa kwenye kipande kimoja tu cha bomba na pengine pote pamekauka, pengine gazi imepunguka. Hapo pia tuite fundi.

Kura ikikatika na kurudi, ngoja dakika tano mbele ya kuwasha. Kura ya chini nayo inaua moteri, regilatere inasaidia.

Na bidhaa je? Sambaza iliyoyeyuka isigandishwe tena: iuzwe siku ile ile au ikaushwe, na ile yenye harufu itupwe. Chanjo nyingi za kuku zinataka kati ya digri 2 na 8. Zisiguse ukuta wenye barafu, na chanjo za maji zikiganda mara nyingi zinaharibika. Chanjo iliyopata joto haionekane na macho. Mfugaji atachanja, kuku watakufa, na imani katika koperative itakufa pamoja nao. Kwa hiyo tusome karatasi ya chanjo, tukiwa na mashaka tusiitoe, na tusiichanganye na samaki katika frigo moja.

Tunashauri kila komite ichague mtu mmoja wa frigo, mwenye kipima joto na daftari. Aandike digri asubuhi na jioni. Namba zikianza kupanda, tutajua mbele ya samaki kulegea.