Fundi Anayefunza Hulipwa na Nani?

Mwaka 2024 uchumi wa Kenya uliongeza nafasi mpya 782,300 za kazi nje ya kilimo cha wakulima wadogo, kwa mujibu wa Shirika la Takwimu nchini (KNBS). Kati ya nafasi hizo, 703,700 zilipatikana katika sekta isiyo rasmi, yaani jua kali. Katika kila kumi, tisa. Wengi huzisoma takwimu hizi kama habari mbaya kuhusu kampuni kubwa zisizoajiri, na hawakosei. Lakini zinazua swali jingine. Tukiwatoa wachuuzi, ambao ni wengi, wanabaki, miongoni mwa wengine, mafundi wa magari, wachomeleaji, maseremala, mafundi wa umeme na washonaji, waliojifunza kazi mahali pasipo ubao wala ratiba. Aliyewafunza ni fundi mwenye karakana, na shughuli hiyo ya kufunza haimo katika bajeti ya mtu yeyote.

Buruburu, katika Eastlands ya Nairobi, ni mahali pazuri pa kuitazama shughuli hii. Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, makao ya familia za kipato cha kati, wala haukupangiwa viwanda. Soko lake ni nyumba zenyewe. Ua umetaka geti, dirisha limetaka grili, jikoni kumetaka kabati, na mwenye nafasi kidogo ameongeza vyumba vya kupangisha. Gari la mwenye nyumba nalo lina tarehe yake ya kubisha gereji. Kwa hiyo kandokando ya barabara ya Mumias South na kuelekea soko la Mutindwa, kazi ya mikono haikosekani. Vyuma na mbao vinatoka Gikomba na Kamukunji, mwendo mfupi ukifuata Jogoo Road.

Kijana akiingia kwa fundi wa bodi na rangi, hakabidhiwi mashine ya kupulizia. Anapewa msasa. Huanza na namba 80 ya kukwangua filla iliyokauka, kisha namba laini zaidi, hadi zile za 800 zinazosuguliwa kwa maji kabla ya rangi ya mwisho. Fundi hupitisha kiganja juu ya mlango bila hata kuutazama, kwa sababu vumbi hulidanganya jicho, ilhali kiganja hakikosi bonde. Akilipata, kijana anarudi kwenye namba 80. Mtahini wa mwisho ni mteja, atakayelitoa gari juani na kuona kila kasoro.

Masharti hutofautiana karakana hadi karakana. Pengine mzazi hulipa ada ya kumwingiza mtoto, pengine kijana haingii na kitu ila hupewa nauli na chakula cha mchana, hadi atakapoaminika na kazi ndogondogo za kulipwa. Fundi naye ana gharama zake: filla iliyopotea, elektrodi zilizokwama, ubao wa MDF uliokatwa kombo ambao hauungiki tena, na saa za kurekebisha alichoharibu mwanagenzi huku mteja akipiga simu.

Gharama kubwa zaidi huja mwishoni. Mwanagenzi akishaiva, anahama na kufungua kibanda chake hatua chache kutoka kwa mwalimu wake, akiwinda wateja walewale. Hakuna mkataba wa kumzuia. Ndiyo maana mafundi wengi hubakiza kitu. Kuchanganya rangi hadi ilingane na ya gari kuukuu hufunzwa mwisho kabisa, au hakufunzwi. Kupiga hesabu ya kazi, yaani kujua umwambie mteja bei gani usipate hasara, ni siri zaidi. Matokeo yake, Eastlands imejaa vijana wanaojua robo tatu ya kazi.

Serikali na wengine wamelizunguka tatizo hili kwa miaka mia moja. Chuo cha Kabete kilianza kufunza mafundi mwaka 1924. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) liliuliza wanaomaliza shule waende wapi, na kutokana na mjadala huo zikazaliwa polytekniki za vijiji, ambazo Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu Kenya iliwafanya wanauchumi wa dunia waanze kuzungumzia sekta isiyo rasmi, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji na kuwaahidi mafundi vibanda vya kuwakinga na jua. Walijengewa paa, lakini kazi yao ya ualimu haikuguswa. Shirika la Undugu, lililoanzishwa na Padre Arnold Grol mwaka 1973, lilikuwa miongoni mwa wachache walioona kwamba kijana wa mtaa wa mabanda anaweza kupelekwa moja kwa moja kwa fundi wa jua kali.

Kilichobadilika kweli ni thamani ya cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA), yenye makao yake Industrial Area, si mbali na Buruburu, husimamia tredi testi (mitihani ya ufundi) za daraja la tatu, la pili na la kwanza. Aliyejifunzia gerejini anaweza kuufanya mtihani huo bila kupitia chuo. Zamani wengi waliuona kama urembo wa ukutani. Leo kazi ya kuweka nyaya za umeme inahitaji leseni ya mamlaka ya nishati na petroli (EPRA), fundi wa ujenzi anahitaji kutambuliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), na makubaliano ya ajira ambayo Kenya na Ujerumani zilitia saini Septemba 2024 hayamsaidii mtu asiye na karatasi ya kuthibitisha anachokijua. Serikali pia ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, inayosimamiwa na mamlaka ya kitaifa ya sifa za masomo (KNQA). Kijana wa Buruburu anayepita daraja la tatu amefanya jambo la kupongezwa, na faida yake inaonekana mfukoni.

Hata hivyo, pesa za mafunzo hazipiti alikopita yeye. Waajiri waliosajiliwa hutozwa ushuru wa mafunzo wa Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na kampuni iliyopeleka watu wake kwenye kozi iliyoidhinishwa inaweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Vyuo vya ufundi vya serikali vilikuwa na karo ya Sh56,420 kwa mwaka kabla ya mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, na Sh30,000 kati ya hizo zilitoka serikalini. Fundi wa Mumias South hachukui chochote katika mafungu hayo mawili, ingawa anayemfunza naye anaketi mtihani wa NITA.

Kulikuwa na jaribio la maana. Mradi wa ajira na fursa kwa vijana, KYEOP, uliofadhiliwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 kuanzia 2016, uliwalenga vijana wa miaka 18 hadi 29 wenye elimu isiyozidi kidato cha nne, na baadhi yao wakapelekwa kwa mafundi wakuu wa jua kali waliolipwa kuwafunza. Hapo karakana ilihesabiwa kuwa shule. Mradi mwingine wa vijana, NYOTA, umeupokea mkondo huo. Udhaifu wa yote miwili ni kwamba ni miradi: ina mwanzo, ina mwisho, na fundi aliyezoea kulipwa anarudi kwenye hali ya zamani fedha zikikatika.

Wapo wanaosema soko litajipanga lenyewe. Matatu za Buruburu zinatuonyesha vinginevyo. Nganya, yaani matatu zilizopambwa kwa michoro na muziki, za njia hii zimewalisha wachoraji, wachomeleaji, washonaji viti na mafundi wa muziki. Kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza kutumika mwaka 2004 na kuagiza mstari wa manjano, michoro ilififia, na vijana waliokuwa wakijifunza kazi hiyo wakakosa pa kushika brashi, hadi serikali ya Uhuru Kenyatta ilipoiruhusu tena. Kiwango cha taifa cha KS 372 nacho kimeweka masharti ya ujenzi wa bodi za mabasi, na kazi ya kubuni michoro imeingia kwenye kompyuta. Amri moja ya serikali ilifunga darasa, nyingine ikalifungua. Soko halikuwa peke yake wakati wowote.

Afrika Magharibi wanajua kumtunza mwalimu wa kazi. Nchini Ghana mwanagenzi huhitimu kwa sherehe mbele ya wazazi na mafundi wengine, na jina la bwana wake linatajwa. Miongoni mwa Waigbo wa Nigeria, bosi humpa kijana aliyemtumikia miaka kadhaa mtaji wa kuanzia. Huku kwetu kijana hutoroka kimyakimya akiwa hajafunzwa yote, na fundi husikia kutoka kwa mteja.

Hatuhitaji kuiga sherehe hizo. Tunahitaji malipo. Kila mtahiniwa wa tredi testi aandikishwe pamoja na karakana iliyomfunza, na akipita, fundi huyo alipwe kutoka kwenye mfuko wa ushuru wa mafunzo. Wenye wasiwasi watasema kutakuwa na wanagenzi hewa, na nchi hii inajua vizuri wanafunzi hewa. Jibu ni kwamba anayetahini ni NITA, wala si fundi, na anayeshindwa hamletei mwalimu wake senti. Fundi aliye na kitu cha kupata kijana wake anapofaulu hana tena sababu ya kuficha kuchanganya rangi.