Mahakama Zisizo na Jopo la Raia Nchini Ireland na Nguvu ya Rufaa

Mahakama za Diplock zilianzishwa Ireland ya Kaskazini mwaka 1973 ili kusikiliza kesi za machafuko ya kisiasa bila jopo la raia 12 ambao, kwa desturi ya sheria za Kiingereza, ndio huamua kama mshitakiwa ana hatia. Jina lilitokana na Lord Diplock, jaji aliyeongoza tume iliyotoa ripoti yake Desemba 1972. Tume hiyo ilihofia kwamba makundi yenye silaha yangewatisha wajumbe wa jopo, na kwamba majopo yenye Waprotestanti wengi yangewapendelea washitakiwa wa upande wao. Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya dharura, na kesi za mauaji, silaha na milipuko zikawekwa mikononi mwa jaji mmoja.

Kwa msomaji wa Tanzania hilo si geni sana, kwa kuwa hata wazee wa baraza waliozoeleka katika Mahakama Kuu walitoa maoni tu, yasiyomfunga jaji. Kwa wakazi wa Ireland ya Kaskazini, ilikuwa ni kuondolewa kinga waliyorithi kwa karne nyingi.

Athari yake ilionekana zaidi pale mshitakiwa alipodai kwamba alikiri kosa kwa kuteswa. Penye jopo, raia hutolewa nje, jaji akasikiliza kesi ndani ya kesi, na maelezo yakikataliwa wao hawayasikii kamwe. Katika mahakama ya Diplock, jaji aliyeyakataa maelezo hayo alikuwa tayari ameyasoma, na mara nyingi ndiye huyo huyo aliyeendelea kupima hatia. Sheria ya 1973 ilikuwa pia imelegeza masharti ya kuyapokea maelezo ya namna hiyo.

Ili kuziba pengo hilo, sheria iliweka masharti mawili. Jopo hutamka tu kwamba mtu ana hatia au hana. Jaji wa Diplock alilazimika kuandika sababu za kumtia mtu hatiani. Kisha aliyetiwa hatiani alipewa haki ya kukata rufaa kwa hoja yoyote, ya sheria au ya ushahidi, bila kuomba kibali. Katika kesi za kawaida, rufaa ya kupinga ushahidi ilihitaji kibali. Masharti haya mawili yanategemeana, kwa kuwa rufaa haina pa kushika kama majaji wa juu hawajui mwenzao aliamini nini na kwa nini.

Kwa mfano, mwaka 1983 washitakiwa 22 walihukumiwa na mahakama ya Diplock kwa ushahidi wa mtu mmoja, aliyekuwa mwanachama wa kundi lenye silaha la IRA na aliyeahidiwa kutoshitakiwa. Jumla ya vifungo vyao ilizidi miaka 4,000. Julai 1986 Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu za 18 kati yao. Ni haki iliyochelewa mno, lakini bila mlango wa rufaa ulio wazi isingefika kabisa.

Kusini mwa mpaka, Jamhuri ya Ireland ina Mahakama Maalumu ya Jinai iliyorejeshwa mwaka 1972 chini ya sheria ya 1939. Hapo huketi majaji watatu. Uamuzi hufuata wengi wao, na sheria inakataza kufichua kama mmoja alipinga, kwa hiyo mkata rufaa hajui kama jaji mmoja aliona shaka. Hilo ni kasoro kubwa. Hata hivyo rufaa zimefanya kazi: mwanamume aliyefungwa miaka 14 mwaka 2002 kwa njama iliyohusishwa na bomu lililolipuka katika mji wa Omagh, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1998 alitenguliwa hukumu mwaka 2005, kwa kuwa majaji hawakuzingatia ipasavyo kwamba polisi walibadilisha kumbukumbu za mahojiano. Kesi iliposikilizwa upya, aliachiwa huru.

Mwaka 2001 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona kwamba Ireland ilikiuka usawa mbele ya sheria, kwa kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka alimpeleka mtu kwenye mahakama hiyo bila kueleza sababu.

Kaskazini, utaratibu wa Diplock ulifikia mwisho mwaka 2007. Sheria iliyofuata bado inaruhusu kesi bila jopo, iwapo Mkurugenzi wa Mashtaka atatoa hati maalumu, na Bunge huiongezea muda kila baada ya miaka miwili. Wajibu wa kuandika sababu na haki ya rufaa bila kibali vimebaki ndani yake.