Nani Anapanga Bei ya Mbaazi Zetu? Siasa za Mataifa na Mkulima wa Kilwa



Ndugu msomaji, kuna swali linalorudi karibu kila msimu wa mavuno, barazani baada ya swala ya Ijumaa na kwenye vijiwe vya kahawa, kuanzia Kinjumbi na Chumo mpaka Kilwa Masoko. Mvua ilinyesha, shamba lilipaliliwa, mazao yalitoka mazuri; mbona bei imeanguka? Wapo wanaojibu kwamba wanunuzi wamekula njama. Wapo wanaowatupia lawama viongozi wa chama cha msingi. Na wapo wanaofunga mjadala kwa kusema kuwa bei ni ya Allah, basi tusihoji. Tutalirudia jibu hilo la tatu huko mbele, kwa sababu lina asili katika Sunna na linatumika vibaya. Kwanza tutazame jambo lenyewe, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mbaazi, mwaka 2017.

Mbaazi za kusini mwa Tanzania hupandwa mvua zinapoanza, Desemba na Januari, na huvunwa kuanzia Julai. Mlaji wake mkubwa duniani ni Mhindi, ambaye hapikiwi chakula bila mchuzi wa dengu, choroko au mbaazi. India yenyewe ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote, lakini mbaazi zao huanza kuingia sokoni Desemba. Kwa hiyo zetu zinafika Bombay katika miezi ambayo ghala zao zimepungua. Hiyo ndiyo bahati aliyotupa Allah katika kalenda ya mvua, na biashara yote ya mbaazi Afrika Mashariki imesimama juu yake.

Mwaka 2015 India ilipata ukame. Bei ya mbaazi mijini kwao ikapanda mpaka ikawa habari ya kisiasa, kwa sababu serikali yoyote ya India inayoshindwa kulisha watu mchuzi huogopa uchaguzi. Wanunuzi wakamiminika huku kwetu na kilo moja ikavuka shilingi 2,000. Wakulima wa Lindi na Mtwara wakaongeza mashamba, na ni haki yao. Serikali ya India nayo ikafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ndani ya nchi ikapandisha bei ya chini inayomhakikishia mkulima wake ili alime zaidi. Nje ya nchi ikaenda kutafuta mikataba ya ununuzi.

Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alifanya ziara Afrika: Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya. Ziara ile haikuwa ya mbaazi peke yake. India na China zinashindania bahari hii yetu ya Hindi, bandari zake na urafiki wa nchi za pwani yake, na mbaazi ilikuwa moja ya zawadi zilizobebwa katika mashindano hayo. Msumbiji walitia saini makubaliano ya maandishi, ya miaka mitano, yenye kiasi kilichotajwa: India itanunua tani 100,000 mwaka wa kwanza, na kiasi kiongezeke kila mwaka mpaka kifike tani 200,000. Dar es Salaam mazungumzo yaligusa pia kuongeza mauzo ya mikunde kwenda India, lakini kwa upande wa mbaazi hatukubaki na karatasi yenye tani na miaka.

Mwaka mmoja baadaye wakulima wa India, waliokuwa wameitikia mwito wa serikali yao, walivuna mbaazi nyingi kuliko wakati wowote kabla. Bei kwao ikaanguka, wakaandamana. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ikatoa amri: mbaazi kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka, kwa nchi zote. Msumbiji, kwa ile karatasi yao, wakawekwa nje ya kikomo hicho. Sisi tukawekwa ndani yake, tukagombania na wengine wote.

Tazama tarehe tena, Agosti. Mbaazi za Lindi zilikuwa zimekwisha kukatwa na kuanikwa. Kilo iliyokuwa ya zaidi ya shilingi 2,000 ilishuka mpaka mia chache, na wengi hawakupata mnunuzi kabisa. Hakuna mchuuzi wa Kilwa aliyepanga jambo lile. Aliyelipanga alikuwa afisa wa New Delhi akimlinda mkulima wa Maharashtra na Karnataka, na kwa hesabu za nchi yake alikuwa sahihi. Aliyevuna ng'ambo ya pili ya mto Ruvuma, kwa mvua ileile na mbegu ileile, alikuwa na mlango uliobaki wazi.

Nisieleweke kwamba karatasi inatosha. Mwishoni mwa 2023 shehena za mbaazi za Msumbiji zilikwama bandari ya Nacala kwa ugomvi wa wafanyabiashara wao kwa wao, mkataba ukiwepo. Lakini mwenye karatasi ana pa kuanzia kudai.

Watu wa Kilwa hawakuanza jana kuonja mambo haya. Utajiri wa Kilwa Kisiwani ulitokana na dhahabu ya bara iliyopita bandari ya Sofala, kusini, ambako masultani wa Kilwa walikuwa na mamlaka. Dhahabu ile haikwisha. Kilichotokea ni kwamba Mreno aliitaka kwa ajili ya ushindani wake wa Ulaya na wa biashara ya viungo vya India, na hakutaka kuinunua sokoni kama wengine. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha amiri Ibrahim atoe kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauteka mji na kujenga ngome, na Wareno walipoiacha mwaka 1512 njia ya biashara ilikuwa imekwisha kuvunjwa.

Habari iliyo karibu zaidi na Kinjumbi ni ya pamba. Watu wa Umatumbi wanaijua vita ya Majimaji kwa sababu ilianzia kwao, lakini sababu ya pamba yenyewe kufika Nandete huelezwa mara chache. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea pamba ya Marekani. Wajerumani waliliona hilo kuwa hatari: dola kubwa inawezaje kuwa na maelfu ya wafanyakazi wanaokula au kulala njaa kwa bei inayopangwa na dola nyingine? Mwaka 1896 waliunda kamati ya uchumi wa makoloni, na moja ya kazi zake kubwa ikawa kutafuta pamba ya Kijerumani katika ardhi ya Afrika. Walijaribu Togo, wakajaribu huku. Mwaka 1902 gavana von Götzen akaanzisha mashamba ya pamba ya pamoja, kila jumbe na shamba lake, na raia wakalima kwa amri. Mwaka 1903 na 1904 pamba ya Marekani ikapanda bei sana, na wasiwasi wa Berlin ukaongezeka.

Malipo yalikuwa dhihaka. Katika majaribio ya wilaya ya Dar es Salaam mtu alipewa senti 35 kwa kazi ya msimu, na wapo walioikataa. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Wajerumani wenyewe walikisia waliokufa kuwa 75,000, na wapo wanahistoria wanaofikisha 250,000 mpaka 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya majeshi kuchoma mashamba na ghala za chakula. Ugomvi wa kibiashara wa Ujerumani na Marekani ulilipiwa na Wamatumbi.

Tukirudi zama zetu, tofauti ipo na ni kubwa: halimi mtu kwa kiboko, na tuna serikali yetu wenyewe inayoweza kukaa mezani. Lakini mpangilio ni uleule kwa mazao mengine mawili yanayotulisha, ufuta na korosho.

Mnunuzi mkubwa wa ufuta duniani ni China. China huruhusu mazao ya kilimo kuingia kwake zao kwa zao, kwa makubaliano ya afya ya mimea. Kwa mfano, parachichi la Tanzania lilipata ruhusa hiyo kwa makubaliano yaliyotiwa saini Rais Samia alipozuru Beijing Novemba 2022. Kuanzia tarehe 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi masikini zaidi zenye uhusiano wa kibalozi nayo, na Tanzania imo. Ni fursa, na mwenye akili ataipokea. Lakini ajue pia kwamba ni siasa: mlango umefunguliwa wakati China inashindana na Marekani kutafuta marafiki, na sharti la uhusiano wa kibalozi limewekwa ili nchi zinazoitambua Taiwan zibaki nje. Mlango uliofunguliwa kwa sababu ya kisiasa huweza kufungwa kwa sababu ya kisiasa.

Korosho zetu nyingi huondoka zikiwa ghafi, zikabanguliwa Vietnam na India, kisha zikauzwa Marekani na Ulaya. Ndiyo maana Aprili 2025, Rais Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 46 kwa bidhaa za Vietnam, jambo lile lilikuwa letu ingawa Tanzania iliwekewa asilimia 10 tu. Ushuru wa Vietnam uliahirishwa, na Julai ukatangazwa kuwa asilimia 20. Mbanguaji wa Vietnam anapokuwa hajui atatozwa kiasi gani, huingia mnadani kwa tahadhari, na tahadhari yake huonekana katika bei anayoiandika.

Wala tusijifanye kwamba sisi tunafanyiwa tu. Tanzania hutoza korosho ghafi zinazosafirishwa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kiasi chochote kilicho kikubwa, ili kubangua kufanyike nyumbani. Nia ni njema, lakini mzigo huo mnunuzi huuhesabu kabla ya kuandika bei. Novemba 2018, wakulima walipokataa bei za mnadani, Rais Magufuli alitangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaingia vijijini. Na Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa kuwa nchi hizo zilikuwa zimezuia ya kwetu, zikiwemo ndizi. Kwa siku chache matufaha yakawa silaha. Zuio likaondolewa, mazungumzo yakaendelea.

Sasa lile jibu la "bei ni ya Allah". Wanaolisema hutegemea hadithi iliyopokewa na Anas (radhi za Allah ziwe juu yake) katika Abu Dawud na Tirmidhi: bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) awapangie, akakataa, akabainisha kuwa Allah ndiye mwenye kupanga bei, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake pasipo yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Mwisho wa hadithi husahauliwa, nao ndio unaofafanua mwanzo. Kilichoogopwa ni dhulma. Ibn Taymiyya, katika maandishi yake juu ya hisba, anatenganisha bei iliyopanda au kushuka kwa uchache na wingi wa bidhaa, ambayo haina wa kulaumiwa, na bei iliyopotoshwa kwa mkono wa watu, ambayo mtawala ana wajibu nayo. Ukame wa India 2015 ni wa fungu la kwanza. Amri ya Agosti 2017 ni tendo la watu, na matendo ya watu huhojiwa.

Ushuru wa mipakani nao una historia katika fiqhi. Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj, anasimulia kuwa Abu Musa al-Ash'ari alimwandikia Khalifa Umar kuwa wafanyabiashara Waislamu wakienda nchi za wengine hutozwa sehemu ya kumi. Umar akaamuru nao watozwe vivyo hivyo wakija. Katika Muwatta, Imam Malik anapokea kuwa Umar alichukua kwa Wanabati nusu ya kiwango hicho katika ngano na mafuta, akitaka vitu hivyo vifike Madina kwa wingi, lakini katika mikunde alichukua sehemu ya kumi kamili. Ndiyo, mikunde, jamaa za hizi mbaazi zetu. Ushuru mdogo kwa kile ambacho mji unakihitaji, mkubwa kwa kile usichokihitaji sana: New Delhi inafanya hesabu hiyohiyo leo. Basi serikali kuwa na sera ya biashara si jambo geni katika Uislamu, na raia kuuliza sera hiyo inamwinua nani na inamwangusha nani si utovu wa subira. Wallahu a'lam.

Kwa mkulima wa mbaazi jambo la kuuliza liko wazi. India ilifungua tena mlango Mei 2021, lakini kwa muda. Ruhusa imekuwa ikiongezwa kipindi kwa kipindi, na miaka ya karibuni tarehe ya mwisho imekuwa 31 Machi. Wakati huohuo, mwaka 2021 India iliyaendeleza makubaliano na Msumbiji, tani 200,000 kwa mwaka, na ikaingia mengine na Malawi, tani 50,000, na Myanmar, tani 100,000. Anayepanda Kinjumbi mwezi Desemba anapanda kwa ruhusa itakayokoma Machi, ili auze Agosti. Katika mkutano mkuu wa chama cha msingi, kabla ya mbegu kugawiwa, mwanachama ana haki ya kuuliza ruhusa ya msimu ujao ikoje na kama Wizara inafuatilia kiasi chetu cha maandishi. Diwani na mbunge waulizwe vilevile, na majibu yao yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.