Kuku Anapoacha Kuwania Punje

Kuku ni kiumbe aliyejaliwa stara kubwa katika maradhi yake. Kwa kuwa ndege anayeonekana dhaifu hudonolewa na wenziwe na huwa wa kwanza kunyakuliwa na adui, tetea mgonjwa huvumilia, huandamana na kundi, hujifanya anadonoa hata asipomeza kitu, na aghalabu siku mfugaji anapotambua kuwa hali si njema, ugonjwa huwa umekwisha kukita mizizi mwilini. Kwa sababu hiyo, mwenye kufuga kuku wachache uani hana budi kuwajua katika siha yao kabla hajataka kuwajua katika ugonjwa: yupi huwahi kutoka bandani, yupi huwania punje, yupi ana kelele na yupi ni mpole kwa tabia yake.

Wakati bora wa kuwatazama ni asubuhi, banda linapofunguliwa na mtama unapomwagwa. Aliye mzima hutoka mbio; mgonjwa hubaki nyuma, au hutoka akasimama peke yake, manyoya yametutumka, mbawa zimelegea, shingo ameivuta ndani, macho yamefumba nusu. Hapo mwenyewe asingoje magharibi. Amkamate taratibu, autazame undu wake, ambao ukipauka huonya upungufu wa damu, na ukigeuka zambarau huonya kuwa moyo au mapafu yana taabu. Kisha apapase mfupa wa kidari, maana manyoya huficha wembamba, na kidari kilichochongoka kama kisu ni ithibati ya kudhoofika kwa siku nyingi, pengine kwa minyoo. Apapase na gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, ambao kabla ya kulishwa asubuhi hupaswa kuwa mtupu, na ukikutwa umejaa na ni mgumu basi chakula kimeziba njia. Wala asiamini kiganja chake katika kupima homa, kwa sababu kuku mwenye afya kamili ana joto la nyuzi 41 hadi 42, ambalo kwa mwanadamu lingekuwa hatari ya mauti.

Miongoni mwa magonjwa yote yanayowapata kuku wa kienyeji, sijui ulio na nakama kubwa kuliko kideri, ambao wengine huuita mdondo, na ambao matabibu wa mifugo huujua kwa jina la Newcastle, mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926, mwaka ule ule ulipozuka katika kisiwa cha Java. Huletwa na virusi, na tangu virusi hivyo kuingia mwilini hadi dalili kudhihiri hupita siku 2 hadi 15, aghalabu 5 au 6, na katika muda huo kuku huweza kuonekana mzima hali anaambukiza wenziwe kwa pumzi na kwa kinyesi. Kisha hutweta mdomo wazi, huhara kinyesi cha kijani, huacha kutaga au hutaga mayai ya gamba laini. Na wale wanaochelewa kufa hupinda shingo, hutetemeka, huzunguka mahali pamoja, na kupooza mguu au ubawa. Katika kundi lisilochanjwa, aina kali ya kideri huweza kuua kuku 9 katika kila 10, na pengine isibakize hata mmoja.

Ugonjwa huu hauna dawa. Shubiri na pilipili ambazo wazee wetu waliwatilia kuku katika maji hazijathibitika kuuponya, na antibayotiki zinazouzwa madukani huua bakteria, si virusi. Fedha inayotumiwa huko hupotea, na mayai yenye mabaki ya dawa huliwa na watoto. La kwanza ni kumtenga mgonjwa mara moja, katika tenga au kasha lililo mahali pakavu, penye joto na kivuli, mbali na wenziwe, awekewe maji safi na chakula laini. Mhudumu awalishe wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha anawe mikono na kusafisha viatu. La pili ni kumwita bwana mifugo, kwa maana homa kali ya mafua ya ndege, iliyothibitishwa nchini Uganda mwezi wa Januari 2017, hufanana mno na kideri, na baadhi ya aina zake huweza kumwua mwanadamu. Mizoga ichomwe au izikwe kwa kina mbwa wasikoweza kufukua.

Liko jambo ambalo hunisikitisha kuliko vifo vyenyewe: kuku mmoja akifa, mwenyewe huwafunga waliobaki miguu na kuwakimbiza sokoni kabla hawajafa nao. Nafahamu dhiki inayomsukuma, kwa sababu kuku wale ndio akiba ya ada ya mtoto na kitoweo cha mgeni wa ghafla. Lakini kuku hao hubeba msiba wake hadi vijiji asivyovijua, kwa watu wenye dhiki iyo hiyo, nao huwakimbiza kuku wao sokoni, na hivyo maradhi husafiri kwa nauli ya wafugaji wenyewe.

Kinga ipo, na ni rahisi. Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliongoza kazi ya kupata chanjo ya aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko chanjo za kawaida, na ambayo hutengenezwa hapa Tanzania pia. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, kifaranga kwa jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Tone hilo halimfai kuku aliyekwisha kuambukizwa, kwa kuwa mwili huhitaji majuma kadhaa kujijengea kinga. Na kwa kuwa kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko wa ua mmoja, nawasihi majirani wachange, wakinunue pamoja, wakiepushe na jua, na wachanje siku moja mtaa mzima, kabla kiangazi, msimu ambao kideri huzuka zaidi, hakijashika.