Ndege wa Ivuna (2): Kigong'ota wa Bennett

Juma lililopita tuliwaacha ndege wa Ziwa Rukwa majini. Leo tuingie porini, kwenye miombo na migunga, tumtazame kigong'ota wa Bennett, ambaye kwa kitaalamu ni Campethera bennettii. Jina hilo alipewa mwaka 1836 na daktari Mskoti Andrew Smith, kwa heshima ya Edward Turner Bennett, katibu wa Chama cha Zuolojia cha London.

Ni ndege wa sentimita 22 hivi, mgongo una mistari ya kahawia na manjano, kifua kina madoa meusi. Dume ana wekundu kuanzia paji hadi kisogo. Jike mtazame kooni: ana koo la kahawia, na kiraka cha rangi hiyohiyo chini ya jicho. Ukienda mashariki ya nchi, majike wa jamaa yake mmoja hawana ukahawia huo, koo lao ni la vidoadoa tu. Wako wanaomhesabu huyo kuwa spishi nyingine, wako wanaomwona ni Bennett yuleyule. Kwangu mimi, koo la jike ni hoja nzito.

Familia yao ni Picidae, na miongoni mwa ndugu zao ni mlembe, yule anayewaongoza warina asali kwenye nyuki. Ndugu gani huyo! Baadhi ya milembe hutaga katika matundu ya vigong'ota, na kinda lao huanguliwa na ndoana mdomoni ya kuwaulia makinda wenyeji.

Tumezoea kumsikia kigong'ota akigonga mti, lakini huyu chakula chake hasa ni sisimizi na mchwa, na mara nyingi huwafuata chini ardhini. Huwanasa kwa ulimi mrefu wenye mate ya kunata, ambao mifupa yake huzunguka nyuma ya fuvu.

Mti anauhitaji kwa makazi, nao uwe mkavu au uliooza kiasi, ili aweze kuchonga tundu. Hapo ndipo anapokutana nasi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen, waliochapisha mwaka 1968 matokeo ya uchimbaji wao Ivuna, walionyesha kwamba chumvi ya chemchemi zake imetengenezwa kwa karne nyingi. Kuchemsha maji ya chumvi hadi yakauke kunataka kuni, na mkata kuni huanza na mti mkavu. Anayeacha gogo moja limesimama pembezoni mwa shamba amemwachia kigong'ota nyumba, na ndege huyo akihama, wengine wasioweza kuchonga hurithi tundu hilo.

Juma lijalo: mlembe.