Redio Mpya kwenye Gari la Japani

Gari lililoshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa kutoka Japani huja na viti visivyochakaa, injini tulivu na redio iliyo nusu kiziwi. Mwenye gari aliyeko Dar es Salaam ataipata Wasafi FM kwenye 88.9, lakini EFM ya 93.7 huenda asiisikie kabisa. Nairobi hali ni mbaya zaidi, maana Capital FM iko 98.4 na Radio Citizen 106.7, ilhali namba za redio nyingi za aina hiyo zinaishia 90. Wapo watakaomwambia redio imekufa. Haijafa, ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Japani iliipa FM masafa ya megahezi 76 hadi 90, kwa sababu kuanzia 90 hadi 108 palikuwa na chaneli tatu za kwanza za televisheni. Televisheni ya analojia ilipozimwa, sehemu kubwa ya nchi Julai 2011 na mikoa mitatu iliyokumbwa na tetemeko na tsunami Machi 2012, nafasi ikapatikana na FM ikasogezwa hadi 95. Afrika Mashariki, kama sehemu kubwa ya dunia, inatumia 87.5 hadi 108.

Dawa ya bei nafuu ni kijisanduku kinachoitwa ekspanda, kinachokaa kati ya antena na redio. Kazi yake ni kutoa: kikiwa cha megahezi 14, kituo cha 98.4 husikika kwenye 84.4. Tatizo liko kwenye hesabu. Redio ya Kijapani inayoishia 90 ina upana wa megahezi 14 tu, na vituo vyetu vimetawanyika kwenye megahezi 20 na nusu, kwa hiyo lazima baadhi vibaki nje. Radio Citizen ikitolewa 14 inaangukia 92.7, na redio inayoishia 90 haifiki huko. Ndiyo maana wengi huishia kununua redio nyingine, na wachache wenye ubishi huamua kuifunga wenyewe.

Kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wa anayeanza. Vipimo kwanza: redio ya DIN mbili ina upana wa milimita 180 na kimo cha 100, lakini matundu ya Toyota nyingi yana upana wa 200. Asiyepima kabla ya kwenda dukani atabaki na mianya pembeni, na vipande vya plastiki vya kuiziba ni gharama nyingine.

Kabla bisibisi haijagusa dashibodi, kichwa cha hasi cha betri huchomolewa. Si kwa kuogopa kupigwa shoti, maana volti 12 haziumizi mkono mkavu. Kinachoogopwa ni moto, kwani chuma kikigusa chanya na bodi kwa pamoja, betri humwaga mamia ya ampea kwa mkupuo. Sababu ya pili ni mifuko ya hewa. Vitabu vya ufundi vya Toyota humtaka fundi asubiri angalau sekunde 90 baada ya kuchomoa betri, kwa kuwa mfumo huo una akiba yake ya umeme. Soketi zake kwa kawaida ni za njano. Haziguswi, na hazipimwi kwa mita. (Na anayefikiria kuirudisha navi, yaani redio ya Kijapani yenye ramani, siku moja ajue kwamba nyingi, zikishakatiwa umeme, hudai kadi ya ramani ndipo ziwake.)

Sasa nyaya, ambako ndiko pesa huungulia. Redio mpya za watengenezaji karibu wote hufuata mpango mmoja: wa njano ni umeme wa kudumu unaotunza saa na vituo, mwekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa, mweusi ni wa bodi. Mweupe ni spika ya mbele kushoto, wa kijivu mbele kulia, wa kijani nyuma kushoto, wa zambarau nyuma kulia, na kila mmoja una mwenzake wenye mstari mweusi, ndio hasi. Anayeanza hudhani gari nalo linafuata mpango huo. Katika Toyota nyingi umeme wa kudumu upo kwenye waya wa buluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, wa bodi ni wa kahawia. Anayefunga kijivu kwa kijivu amepeleka volti 12 moja kwa moja kwenye mlango wa spika.

Mita ya bei ndogo humaliza ubishi. Redio ya zamani ikishatolewa, betri hurudishwa kwa muda wa kupima tu. Ufunguo ukiwa nje, waya unaoonyesha karibu 12.6 ndio wa kudumu. Ufunguo ukigeuzwa hatua ya kwanza, waya uliokuwa sifuri ukapanda ndio wa ufunguo. Betri ikichomolewa tena, jozi ya spika ya omu 4 itasoma omu tatu na kitu. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio husahau vituo kila gari likizimwa. Zikifungwa zote kwenye umeme wa kudumu, redio hailali, na asubuhi majirani wanaitwa kusukuma gari. Soketi ya kuunganishia inayolingana na modeli ya gari hupunguza makosa haya yote, na ni heri kuinunua kuliko kukata nyaya za gari.

Jambo moja huwapita hata mafundi: hasi ya spika si waya wa bodi. Ndani ya redio ya kisasa kila spika husukumwa kutoka pande zote mbili, na kila upande una karibu nusu ya volti za betri hata muziki ukiwa kimya. Kuigusisha kwenye bodi ni kuhatarisha amplifaya. Nayo chanya na hasi za spika zikipishana upande mmoja, koni moja hutoka nje wakati nyingine inaingia ndani, na besi inafutika. Kuhakiki ni rahisi, ila spika iwe imechomolewa kwenye redio: betri ya tochi ya volti 1.5 ikiguswa kidogo tu, koni itaruka nje pale chanya imekutana na chanya.

Kuhusu wati, maandishi ya sandukuni yasimdanganye mtu. "50W x 4" hutokana na hesabu hii: alteneta ikitoa volti 14.4, kwa spika ya omu 4, 14.4 mara 14.4 gawanya kwa 4 ni karibu 52. Lakini hiyo ni sauti iliyokatwa kichwa, mngurumo ambao hakuna anayeuita muziki. Wimbi safi hutoa nusu yake, na baada ya upotevu hubaki wati 20 hivi. Fyuzi nyuma ya redio nayo inatoboa siri. Ikiwa ya ampea 10, inaruhusu wati 144 kwa mfululizo, si 200. Kuweka fyuzi kubwa zaidi hakuongezi sauti, kunaondoa ulinzi.

Ikisikika mluzi unaopanda na kushuka na injini, waya wa bodi ndio wa kukaguliwa kwanza: bodi ikwanguliwe rangi na waya ubanwe kwenye chuma kitupu.

Kwa redio yenye skrini unabaki waya mmoja, mara nyingi wa kijani hafifu, unaokwenda kwenye breki ya mkono ili skrini isionyeshe video gari likiwa kwenye mwendo. Wauzaji wengi huufunga kwenye bodi, na wateja hushukuru. Anayejifungia mwenyewe aufunge unapotakiwa, kisha aijaribu redio yote, spika moja baada ya nyingine, kabla ya kurudisha skrubu za dashibodi.