Ua ni Mgeni: Yafaa Apewe Jembe

Katika nchi za Ulaya, baridi ikiisha, kuanzia Machi hata Mei, maua huchipuka kwa pamoja kama wanafunzi walioitwa kwa kengele. Nakuru hapana majira ya namna hiyo. Mji huu, uliotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, uko karibu na Ikweta, kwenye kimo cha mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwenye kuamuru maua hapa ni mvua. Masika yaanzapo, mwezi wa Machi au Aprili, ndipo Bonde la Ufa linapopata machipuko yake. Mwenye bustani asiyeifuata kalenda hii hupoteza fedha na jasho lake bure.

Kazi ya kwanza huanza kabla ya tone la mvua. Udongo wa pande za Menengai umetokana na majivu ya volkeno: ni mwepesi, waruhusu jembe, lakini maji huupita upesi, na wakati wa kiangazi hugeuka vumbi. Kwa sababu hiyo, mwezi wa Januari na Februari yafaa kuchimba matuta, kuchanganya samadi iliyoiva barabara, na kukusanya majani makavu ya matandazo. Samadi mbichi haifai, kwani huunguza mizizi michanga. Mvua ikisha kulowesha ardhi vizuri, matandazo hutandazwa juu ya matuta ili unyevu usipotee.

Masika ndiyo wakati wa kupanda. Vipandikizi vya jerani na vya bogenvilia hushika bila taabu; kana hugawanywa mizizi yake, na viazi vya dalia hutiwa ardhini. Waridi hutaka kupogolewa kwa kisu kikali: tawi hukatwa kwa mshazari, juu kidogo ya jicho lililoelekea nje, ili kichaka kifunguke katikati na upepo upite. Vidukari vikionekana katika machipukizi, huoshwa kwa maji ya sabuni kidogo.

Wako wasemao kwamba maua ni anasa, na kwamba ploti ya futi 50 kwa 100 haitoshi hata sukuma wiki. Neno lao lina ukweli, kwani mtoto hali maua. Lakini si lazima kuchagua moja na kuacha jingine. Mboga na zikae katikati ya ploti, mahali palipo na rutuba. Maua yakae kandokando ya njia, chini ya madirisha na penye ua. Nayo yanyweshwe maji yaliyokwisha kuoshea mboga, ambayo vinginevyo yangemwagwa tu. Shubiri, mmea wa asili wa nchi hii, hustahimili kiangazi pasipo kunyweshwa mara kwa mara, na maua yake mekundu huwaita ndege aina ya chozi. Mwezi wa Septemba hata Novemba jakaranda nazo hutandaza zambarau barabarani; mti huo ni mkubwa, na mwenye kuupanda auweke mbali na ukuta wa nyumba.

Wenyeji wa nchi hizi wajua kwamba ua huweza kulisha jamaa nzima. Pareto, yenye maua meupe na moyo wa manjano, asili yake ni pwani ya Dalmatia huko Ulaya. Ilianza kulimwa Kenya miaka ya 1920 ikielekea mwisho, ikapenda baridi ya usiku ya Molo na Mau. Maua yake hukaushwa yakatolewa dawa ya kuua wadudu, na kwa miaka mingi ya karne ya 20 Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Malipo yalipocheleweshwa, wakulima wengi waliing'oa; hata ua jema halikai shambani ikiwa mkulima hapati haki yake.

Lakini si kila ua zuri ni jema. Lantana, iliyoletwa kutoka Amerika kuwa pambo la ua wa nyumba, ina matunda madogo yapendwayo na ndege. Ndege huzitawanya mbegu zake mpaka malishoni, na ng'ombe aliyekula majani yake huugua. Olianda ina sumu tangu mzizi hata ua, na haifai kabisa mahali penye mbuzi au mtoto mdogo. Kadhalika ule mti wenye maua makubwa yaning'iniayo mfano wa tarumbeta. Ajabu kuliko yote ni gugu maji: ua la zambarau lenye asili ya Amerika ya Kusini, ambalo watu walilisafirisha ulimwenguni kwa sababu ya uzuri wake. Mwaka 1988 lilionekana katika Ziwa Naivasha, nalo hutambaa juu ya maji na kumfungia mvuvi njia ya mashua yake. Walioligawa kwa marafiki zao huko mbali hawakukusudia madhara. Walitazama rangi tu.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea kipandikizi kutoka kwa jirani, yampasa mwenye bustani aulize mambo matatu. Je, mmea huu utaishi kwa mvua ya hapa? Je, una sumu? Je, hutambaa au kutawanywa na ndege hata ukaingia shamba la mwingine? Asiyepata jibu na amwendee Bwana Shamba akiwa na tawi mkononi.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ua nalo ni mgeni. Likiwa linashika udongo, linaita nyuki, linapendeza macho ya mwenyeji arudipo jioni kutoka kazini, basi limeshika jembe lake, na likae. Lisilofanya hivyo, au lenye kudhuru, ling'olewe mapema, kabla mizizi haijazama na mbegu hazijaruka ua wa jirani.